Mishipa Inayoziba Ndani ya Moyo wa Kupewa

Tarehe 2 Januari 1968, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza daktari wa meno Philip Blaiberg moyo wa kijana wa miaka 24, Clive Haupt. Mgonjwa wa kwanza wa Barnard, Louis Washkansky, alikuwa ameishi siku 18 tu baada ya upasuaji wa Desemba 1967, kwa hiyo wengi hawakumtarajia Blaiberg aende mbali. Aliishi zaidi ya miezi 19. Alitoka hospitalini, akarudi kwake, akaandika hata kitabu. Alipofariki Agosti 1969 na moyo ule kuchunguzwa, ateri zake zilikutwa zimebanwa kwa kiwango ambacho madaktari walizoea kukiona kwa watu walioishi na maradhi ya mishipa kwa miongo. Taarifa ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la The Lancet. Moyo wa kijana ambaye angekuwa hai asingekuwa ametimiza hata miaka 27 ulikuwa na mishipa ya mzee.

Zaidi ya nusu karne imepita na dawa zimebadilika kabisa, lakini ugonjwa huo haujaondoka. Takwimu za rejesta ya kimataifa ya upandikizaji wa moyo zinaonyesha kwamba takriban asilimia 8 ya waliopandikizwa huwa nao mwaka mmoja baada ya upasuaji, karibu asilimia 30 baada ya miaka mitano, na karibu nusu yao baada ya miaka kumi. Ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa waliovuka mwaka wa kwanza. Tena huja kimyakimya. Neva zinazopeleka maumivu hukatwa wakati moyo unatolewa kwa mtoaji, hivyo mpokeaji anaweza kupata mshtuko wa moyo asisikie kifua kuuma. Dalili ya kwanza huwa uchovu, pumzi kupungua, au kifo cha ghafla. Vipimo navyo hudanganya. Angiografia, yaani picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa ya rangi kwenye ateri, huonyesha njia inayopita damu, haionyeshi unene wa ukuta. Mshipa uliobanwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho huonekana mwembamba tu, na wembamba huo huweza kudhaniwa ndio umbile lake. Ndiyo maana vituo vikubwa huingiza kifaa kidogo cha ultrasaundi ndani ya ateri yenyewe ili kuupima ukuta. Stenti husaidia palipo na kizuizi kifupi, ila mshipa ulioziba kwa urefu wake wote hauna mahali pa kuiweka. Tiba inayobaki ni kupandikiza moyo mwingine, na mioyo haitoshi hata kwa wanaongoja wa kwanza.

Nini huzeesha mishipa ya kijana ndani ya miezi? Jibu jepesi ni mafuta. Mtu aliyeuharibu moyo wake wa kwanza kwa lehemu, sukari na shinikizo la damu atauharibu na wa pili, na dawa anazomeza baada ya upasuaji, ambazo nyingi hupandisha vyote vitatu, zitamwongezea kasi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na nitalirudia. Lakini tazama ramani ya ugonjwa. Ugonjwa wa kawaida wa ateri hukaa kwa mabaka, upande mmoja wa mshipa, mara nyingi karibu na chimbuko la ateri, ukiwa na kiini cha mafuta. Huu wa moyo uliopandikizwa huizunguka ateri pande zote, huifuata mpaka kwenye vijitawi vilivyozama ndani ya msuli wa moyo, na hauziachi hata vena. Kisha unakoma kwenye mshono. Ateri za mpokeaji mwenyewe, zinazopitisha damu ileile yenye lehemu ileile, sukari ileile na dawa zilezile, hazipati unene wa namna hiyo. Pande mbili za mshono zinatofautiana kwa mambo mawili tu: upande mmoja umetoka kwa mtu mwingine, na upande huohuo ndio uliokaa saa kadhaa bila damu. Maelezo yoyote ya ugonjwa huu yanayoanzia kwenye chakula cha mgonjwa yanapaswa kwanza kuueleza mshono, na hayawezi.

Jibu la pili, ambalo wataalamu wa kinga wamelipenda kwa miaka mingi, ni kwamba kiungo kinakataliwa polepole. Hili lina nguvu zaidi, lakini nalo linaacha pengo. Linauchora mshipa kama mhanga: jeshi la kinga linafika, linapiga, ukuta unaumia na kupata kovu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ukuta wa mshipa si mhanga aliyekaa kimya. Unapokea amri za inflamesheni kutoka pande kadhaa, unazitekeleza, na unaongeza amri zake mwenyewe. Unene unaoziba njia ya damu ni kazi ya seli za ukuta huo zilizo hai na zinazotii kile zilichoambiwa. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua dawa ipi inaweza kufaa na lini.

Inflamesheni tunaijua kwa sura yake ya nje: kidonda huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Chini ya sura hiyo kuna protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli moja huzitoa na nyingine huzipokea. Mshipa wa damu ni msikilizaji mkubwa wa protini hizi kwa sababu ya utando wake wa ndani, safu moja tu ya seli inayogusana na damu. Wakati wa utulivu seli hizo hutoa gesi ya naitriki oksidi inayoulegeza mshipa, huizuia damu isigande, na huziacha chembe nyeupe zipite bila kunata. Zikipata ishara ya TNF au interleukini-1, katika muda wa saa chache huotesha juu yake protini za kunasa, na chembe nyeupe zilizokuwa zikipita huanza kushika na kupenya ukutani. Penye jeraha au vijidudu hiyo ni kazi njema, kwa maana pakipona chembe huondoka na utando hurudia utulivu wake. Ndani ya kiungo cha kupewa hapaponi, kwa sababu kinachoichokoza kinga ni kiungo chenyewe, nacho kipo usiku na mchana.

Kati ya ishara zote hizi, iliyo na ushahidi mzito zaidi ni interferoni gama. Hutolewa na seli T na seli za uuaji asilia. Ikifika kwenye seli ya mshipa hushika kipokezi chake, vimeng'enya viwili vya jamii ya JAK huamka, navyo huiamsha protini STAT1 inayoingia kwenye kiini cha seli na kufungua jeni nyingi kwa pamoja. Seli ya utando hapo huongeza alama za HLA usoni mwake, zile zile zinazoitambulisha kuwa ya mtu mwingine. Yaani inazidi kujitangaza ugeni wake. Hutoa pia protini za kuita, hasa CXCL9 na CXCL10, ambazo huvuta seli T zaidi, na seli hizo zikifika huleta interferoni zaidi. Chini ya utando, seli za misuli laini huanza kuongezeka na kusogea kuelekea ndani. Mzunguko unajilisha wenyewe, na sehemu kubwa ya nguvu ya kuuendesha inatoka kwenye mshipa.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja kwa hatua mbili ambazo naona hazijapewa uzito zinaostahili nje ya duru za wataalamu. Mwaka 1997 watafiti wa Boston walichapisha majaribio ya panya wasio na jeni ya interferoni gama. Waliwapandikiza mioyo ya panya wengine. Msuli wa mioyo hiyo uliendelea kushambuliwa na kinga, lakini ateri zake hazikuziba. Kwa maneno mengine, kukataliwa kwa msuli na kuziba kwa mishipa ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa, ingawa kliniki huyaona yakitembea pamoja. Miaka mitatu baadaye, kwenye jarida la Nature, George Tellides, Jordan Pober na wenzao wa Yale walifanya kinyume chake. Walichukua vipande vya ateri za binadamu na za nguruwe, wakavipandikiza kwa panya wasio na kinga ya kuzikataa, kisha wakawapa panya hao interferoni gama. Ukuta wa ateri ulinenepa. Hapakuwa na jeshi la chembe nyeupe lililovamia. Palikuwa na ishara peke yake na mshipa unaoitikia. Jaribio la kwanza linaonyesha kwamba bila ishara hiyo mashambulizi hayazibi ateri, na la pili kwamba ishara hiyo bila mashambulizi inaziziba. Ni nadra katika tiba kupata ushahidi unaofunga pande zote mbili namna hii.

Kingamwili ni chanzo kingine, na kwa wagonjwa wengi wa miaka ya baadaye huenda ndicho kikuu. Mpokeaji anaweza kutengeneza kingamwili zinazoshika alama za HLA za mtoaji, na wanaozitengeneza huugua mishipa zaidi ya wasiokuwa nazo. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba madhara yake hupitia komplementi, yale mafungu ya protini za damu yanayotoboa seli iliyowekewa alama. Kazi ya maabara ya Elaine Reed huko UCLA ilionyesha kitu kingine: kingamwili ikizishika HLA na kuzikusanya pamoja, seli ya utando hupata ishara ya kukua kupitia njia ya mTOR, bila kutobolewa. Watafiti wa Massachusetts General Hospital nao waliwapa kingamwili panya wasio na seli T wala seli B, wakaona mishipa ya moyo uliopandikizwa ikinenepa, na walipoziondoa seli za uuaji asilia unene huo haukutokea. Seli hizo ni watoaji wakubwa wa interferoni gama. Njia ya kingamwili na njia ya seli T, ambazo vitabu huziweka katika sura mbalimbali, zinaelekea kufikia ukuta uleule kwa lugha inayofanana.

Kuna na majeraha ambayo hayaulizi kiungo ni cha nani. Mtu anapopata kifo cha ubongo, damu yake hujaa saitokini kabla hata daktari wa upasuaji hajanawa mikono. Moyo hukaa kwenye baridi, kwa kawaida kwa muda usiozidi saa nne hivi, kisha damu yenye oksijeni hurudi ghafla na kuziumiza seli zilizokuwa zimekaukiwa. Vipande vya seli zilizokufa husomwa na vipokezi vilevile vinavyosoma vijidudu. Halafu kuna virusi vya saitomegalo, ambavyo watu wengi hubeba bila kujua na ambavyo huamka kinga inaposhushwa. Tangu mwaka 1989 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba wapokeaji walioambukizwa virusi hivyo walipata ugonjwa wa ateri za moyo zaidi ya wenzao. Hakuna kati ya haya kinachotosha peke yake, na mshono unatukumbusha hivyo, kwani virusi husambaa mwili mzima ilhali ugonjwa unabaki upande mmoja. Kazi yake ni kuuamsha utando, ili ishara za kinga zikifika zikute pameandaliwa.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana wanaoyatetea wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwaka 1995 Jon Kobashigawa na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 97 waliopandikizwa moyo, nusu yao hivi wakipewa pravastatini, dawa ya kushusha lehemu. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 94 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 78 ya wasiopewa, na ugonjwa wa mishipa ulikuwa mdogo zaidi kwa waliopewa. Je, hiyo si kesi iliyofungwa kwa upande wa lehemu? Ingekuwa hivyo kama kushuka kwa lehemu kungeeleza kila kilichotokea. Lakini dawa ile ilipunguza pia matukio makali ya moyo kukataliwa, yale yanayodhoofisha usukumaji wa damu, ndani ya mwaka mmoja tu, na kukataliwa huko hakusababishwi na mafuta kwenye ukuta. Statini hushusha lehemu na hupoza inflamesheni. Kwenye maabara huizuia interferoni gama isiongeze alama za HLA kwenye seli za utando. Jaribio la Kobashigawa halikuweza kutenganisha kazi hizo mbili, na wanaolitumia kama ushahidi wa moja wanachukua zaidi ya lilichotoa.

Waliojaribu kuzitenganisha walikuwa watafiti wa ugonjwa wa kawaida wa ateri. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, lilitumia kanakinumabu, dawa inayoifunga interleukini-1 beta bila kugusa lehemu. Kwa kipimo cha kati matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Inflamesheni peke yake, basi, inatosha kusogeza ugonjwa hata pale ambapo mafuta ndiyo mwenyeji. Kwa moyo uliopandikizwa ninasoma mambo hivi: lehemu na shinikizo huamua kasi, na katika miaka ya mbele huongeza mabaka yao juu ya unene uliokwisha kuwapo, lakini ishara za kinga ndizo zinazoamua kama ugonjwa utaanza, na utaanzia wapi. Daktari anayempa mpokeaji statini anafanya vema kwa nadharia zote mbili. Anayedhani amemaliza kazi ndiye aliyekosea.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Kama inflamesheni ndiyo chanzo, mbona wapokeaji wote wanameza dawa kali za kushusha kinga na bado wanaugua? Siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983, ilipunguza sana kukataliwa kwa ghafla na kuufanya upandikizaji wa moyo kuwa tiba ya kawaida. Ugonjwa wa mishipa ulipungua kidogo tu. Jibu limo katika mahali inapofanyia kazi. Siklosporini na ndugu yake takrolimusi huzuia seli T isiamke. Haziizuii interferoni iliyokwisha kutolewa isishike kipokezi chake, hazizuii kingamwili, na hazigusi yanayoendelea ndani ya seli za ukuta. Ni sawa na kumzuia mtangazaji asiingie studio wakati kipindi kimekwisha kurekodiwa na kinarushwa. Zaidi ya hayo siklosporini yenyewe huupandisha mgandamizo wa damu na lehemu na kuusumbua utando. Steroidi hupoza saitokini nyingi, lakini hupunguzwa dozi kadiri miezi inavyokwenda, na kwa sababu njema: sukari, mifupa, maambukizi.

Figo zilitoa ushahidi mwingine wa jambo hili, wa kushangaza kidogo. Katika jaribio la BENEFIT, wapokeaji wa figo waliopewa belatasepti, dawa inayoziba mazungumzo ya pili kati ya seli za kinga, walipata matukio zaidi ya kukataliwa kwa ghafla katika mwaka wa kwanza kuliko waliopewa siklosporini. Kwa hesabu za mwanzo dawa ilionekana dhaifu. Baada ya miaka saba hatari ya kufa au kupoteza figo ilikuwa pungufu kwa asilimia 43 kwao, na wachache kati yao walikuwa wametengeneza kingamwili dhidi ya mtoaji. Huwezi kuyasoma matokeo hayo ukiwa bado unaamini kwamba kuziba kwa mishipa na kufa kwa kiungo ni mkia tu wa kukataliwa kwa ghafla.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni hadithi za panya. Ni kweli kwamba panya wa maabara wamepotosha mambo mengi katika elimu ya kinga. Katika suala hili, hata hivyo, wamepotosha kwa kupunguza. Seli za utando za binadamu huonyesha alama za HLA za daraja la pili hata katika utulivu, na zinaweza kuziamsha moja kwa moja seli T zenye kumbukumbu. Za panya kwa kawaida hazifanyi hivyo. Tena mtu mzima amekwisha kuugua mafua, surua, malaria na mengine, na seli T zake za kumbukumbu ni nyingi, baadhi zikiweza kuzitambua HLA za mgeni kwa bahati tu. Panya aliyekulia kwenye sanduku safi hana historia hiyo. Mshipa wa binadamu unashiriki katika kinga zaidi ya wa panya, na ateri za binadamu katika jaribio la Yale zilinenepa kama zilivyotarajiwa.

Kama hoja hii ni sahihi, dawa inayofanya kazi upande wa mpokeaji wa ishara, ndani ya ukuta, ingepaswa kuonyesha matokeo ambayo dawa za upande wa mtumaji hazikuonyesha. Mfano upo. Mwaka 2003 Howard Eisen na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 634 waliopandikizwa moyo, wengine wakipewa everolimusi na wengine azathioprini. Everolimusi huzuia mTOR, ile njia ya ukuaji iliyomo ndani ya seli T lakini pia ndani ya seli za utando na za misuli laini. Ultrasaundi ya ndani ya mshipa, baada ya miezi 12, ilionyesha kwamba kwa waliopewa dawa hiyo unene uliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko kwa wenzao, na maambukizi ya saitomegalo yalikuwa machache. Nisiipambe: waliopewa everolimusi walikuwa na utendaji mbaya zaidi wa figo, kwa sababu ilitumiwa pamoja na dozi kamili ya siklosporini, na dawa za jamii hiyo huchelewesha vidonda kupona, huleta vidonda vya mdomoni na kuvimba miguu, mpaka wagonjwa wengi huomba kuziacha. Pia zikianzishwa miaka kadhaa baadaye, ukuta ukiwa umekwisha kunenepa na kukakamaa, faida hupungua.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni hili la mwisho: mara nyingi ishara moja ilipozuiwa, wagonjwa hawakupata nafuu iliyotarajiwa, au waliilipia kwa maambukizi. Tofasitinibu, inayozuia vimeng'enya vya JAK, ilijaribiwa kwa figo na ikazuia kukataliwa kwa ghafla karibu sawa na siklosporini, lakini maambukizi makali na saratani za limfu viliongezeka, na mradi ukaachwa. CANTOS yenyewe ilihesabu vifo zaidi vya maambukizi kwa waliopewa dawa. Klazakizumabu, inayoifunga interleukini-6, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo wenye madhara sugu ya kingamwili, na mwaka 2024 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake ilipoonekana halielekei kufaulu. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza: ishara zikiwa ndizo chanzo, mbona kuzifunga hakuponyi?

Naona majibu mawili, na sidai kwamba yanamaliza shaka yote. Ishara hizi hazikuumbwa kwa ajili ya kuharibu viungo vya kupewa. Interferoni gama ndiyo inayotulinda na kifua kikuu, na anayeizima mwilini kote anafungua mlango ambao Afrika Mashariki inaujua vizuri. Tatizo basi si kama inafaa kuizuia, ni wapi na kwa muda gani. La pili ni kwamba majaribio mengi huwachukua wagonjwa ambao kovu limekwisha kujengeka, na kovu halisikilizi saitokini. Palipochaguliwa chanzo cha ishara kwa uangalifu zaidi, mambo yameanza kuonekana tofauti. Mwaka 2024 watafiti walichapisha jaribio dogo la felzatamabu, dawa inayolenga seli zenye alama ya CD38, yaani zinazotengeneza kingamwili pamoja na zile za uuaji asilia. Wagonjwa wa figo walikuwa 22 tu. Kati ya 11 waliopewa dawa, 9 hawakuonyesha tena dalili za kukataliwa kwenye kipande cha figo kilichochunguzwa. Kati ya 10 wa upande wa dawa bandia ambao kipande chao kilichunguzwa, 2 tu. Wagonjwa 22 ni wachache mno kubeba hukumu, lakini dawa hiyo inapiga pale panya wa Massachusetts General walipoonyesha kidole.

Kwetu Afrika Mashariki, mioyo haipandikizwi kwa mazoea, ila figo hupandikizwa: Muhimbili ilianza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na Kenya ina uzoefu wa muda mrefu zaidi. Ateri za figo iliyopandikizwa hunenepa kwa namna ileile, na mantiki ya ishara inafika huko bila kubadilishwa. Hali zetu zina nafuu yake. Figo nyingi hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo hakuna dhoruba ya kifo cha ubongo, na muda wa baridi ni mfupi. Zina na hatari zake. Mama aliyezaa na mumewe amekwisha kukutana na HLA za mume kupitia mimba, hivyo mume anayejitolea kumpa mkewe figo anaweza kumletea kiungo ambacho kingamwili zake zinakijua tayari. Mgonjwa anayesafishwa damu na kuongezewa damu mara kwa mara kwa upungufu naye hujifunza HLA za wageni, kila chupa ikimwongezea somo. Kipimo cha kingamwili kabla ya upasuaji, na tena baada yake, si anasa ya nchi tajiri. Wala dawa kukosekana duka la hospitali kwa wiki mbili si jambo la mhasibu peke yake, maana ni katika mapengo kama hayo kingamwili mpya huzaliwa.

Kinachobaki wazi ni suala la wakati, na hapa vipimo vimetangulia dawa. Uchunguzi wa ultrasaundi ya ndani ya mshipa umeonyesha kwamba ukuta wa ateri ukiongezeka unene kwa milimita 0.5 au zaidi katika mwaka wa kwanza, mgonjwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa au kuupoteza moyo katika miaka mitano inayofuata. Mwaka huo wa kwanza ndio ambao majeraha ya upasuaji, virusi na interferoni vinakutana juu ya utando ambao bado unaweza kutulizwa. Jaribio litakalopima hoja hii sawasawa litaanza dawa ndani ya wiki za upasuaji, litapima ukuta mwanzoni na mwezi wa 12, litachagua ishara inayotoka kwenye seli chache badala ya ile inayoulinda mwili mzima, na litahesabu maambukizi kwa ukali uleule linaohesabu milimita.